Jina lililokuwa ndani ya mabano

SWALI: "Habari yako mwalimu. Naandika kutoka Kericho. Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu babu niliikuta kaseti yake ya Don Williams, Yellow Moon. Kwenye karatasi ya ndani, kando ya wimbo 'Love Is on a Roll', kuna mabano yenye majina mawili: Cook na Prine. Nikamtafuta huyo Prine, nikaambiwa ni mwimbaji na mtunzi wa Americana, zamani alikuwa mpeleka barua, na alikufa kwa korona. Kwetu kantri tumeinyonya pamoja na maziwa, lakini jina hilo silijui. Ni nani huyu? Americana ni nini kama si kantri? Na mtu anatungaje wimbo mzuri vile halafu anampa mwenzake auimbe?"

JIBU: Pole kwa kuondokewa na babu. Nafurahi aliacha kaseti, na aliacha mjukuu anayesoma maandishi madogo.

Ndiye. Prine wa ndani ya mabano ni John Prine. Wimbo huo aliutunga na Roger Cook, Mwingereza aliyehamia Nashville, na Don Williams akaufikisha nambari 1 kwenye chati ya kantri ya Marekani mwaka 1983. Huyo Cook naye ni mtu wenu wa siku nyingi. "I Believe in You" wa mwaka 1980, ule ambao ukipigwa harusini hata wazee wa kanisa hutikisa vichwa, ni wake pamoja na mtunzi mwingine. Kwa hiyo Prine hukumjua kwa jina, ila kazi yake imekaa sebuleni kwenu miaka yote. Hauko peke yako. Marekani kwenyewe wapo wengi wanaoimba nyimbo zake neno kwa neno na hawajui ni za nani.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 mjini Maywood, kitongoji cha viwanda magharibi mwa Chicago. Ni mtoto wa lami na theluji, hakukulia shambani. Wazazi wake ndio walikuwa watu wa mashambani, wahamiaji kutoka kaunti ya Muhlenberg, magharibi mwa Kentucky, nchi ya makaa ya mawe, na likizo zikifika familia ilifunga safari kurudi "nyumbani", kama sisi tunavyojazana kwenye matatu kila Desemba. Baba, fundi wa vifaa vya viwandani, alimpenda mwimbaji wa kantri Hank Williams kupita kiasi. Kaka mkubwa, Dave, alimfundisha John gitaa akiwa na miaka 14, na John akajifunza nyimbo za Hank ili amfurahishe mzee.

Muhlenberg ndiko alikotoka pia Merle Travis, bingwa wa kupiga gitaa kwa vidole: gumba linatembeza besi bila kupumzika, kidole cha shahada kinachonga wimbo juu yake. Ukiusikiliza mkono wa kulia wa Prine utaisikia kaunti hiyo. Na anayewapenda wapiga gitaa kama Jean-Bosco Mwenda au George Mukabi hatajiona mgeni hapo.

Sasa hiyo kazi ya barua. Inabidi nieleze kidogo, maana kwetu barua haimfuati mtu. Mtu ndiye huifuata kwenye sanduku lake la posta. Marekani mpeleka barua hubeba mkoba begani na kupita nyumba kwa nyumba, mtaa uleule, kila siku ya kazi, mvua inyeshe au theluji ianguke. Prine alifanya hivyo tangu alipomaliza shule. Ukishaijua njia, alisema, kichwa kinabaki bure, basi akawa anatunga nyimbo huku miguu ikienda. Upepo wa baridi ukizidi alijibanza ndani ya kasha la chuma ambamo posta huweka mizigo ya barua njiani, akala mkate wake humo.

Katikati ya kazi hiyo jeshi lilimwita. Ilikuwa miaka ya vita vya Vietnam, lakini yeye bahati ilimwangukia upande mwingine, akapelekwa Stuttgart, Ujerumani Magharibi, kutengeneza magari ya jeshi. Aliporudi na kuubeba tena mkoba wake, alikuta vijana wenzake waliokwenda Vietnam wamerudi wakiwa watu wengine. Hapo ndipo ulipotoka "Sam Stone", wimbo wa askari anayerudi na nishani kifuani, na uraibu mwilini. Kiitikio kinaimbwa kwa mdomo wa mtoto, anayeliona tundu kwenye mkono wa baba na kujua pesa za nyumbani zinapotelea wapi. Hakuna hotuba ya kupinga vita ndani yake, wala rais hatajwi. Mtoto anasema alichokiona, basi. Naomba uukumbuke mtindo huo, kwa sababu ndio Prine mzima: anamweka mtu mmoja mbele yako, na kitu kimoja mkononi mwa mtu huyo, kisha anaondoka.

Mfano mwingine ni "Hello in There", kuhusu mume na mke wazee ambao watoto wametawanyika na mmoja ameuawa kwenye vita vya Korea. Aliutunga akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alijuaje uzee? Alipokuwa mvulana alimsaidia rafiki yake kugawa magazeti kwenye makao ya wazee, na baadhi ya wazee walijifanya kuwa yeye ni mjukuu wao aliyekuja kuwatembelea, ili majirani wa vyumba vya pili waone. Kijana akalibeba hilo moyoni miaka yote mpaka likapata wimbo.

Jukwaani aliingia kwa mdomo wake mrefu. Mwaka 1969, kwenye baa ya Chicago iliyoitwa Fifth Peg, usiku ambao yeyote anaruhusiwa kuimba, alikuwa amekaa na bia yake akiwaponda waliokuwa wakiimba. Mmoja akamwambia: kama unaona rahisi, panda wewe. Akapanda, akaimba nyimbo 3, zikiwemo hizo 2 nilizokutajia. Ukumbi ulikaa kimya kabisa, akadhani ameharibu. Kumbe watu walikuwa bado hawajapata pumzi ya kupiga makofi. Mwenye baa akampa kazi ya kuimba kila wiki.

Kisha bahati mbili zikafuatana. Oktoba 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alitoka sinema katikati kwa sababu bisi alizonunua zilikuwa na chumvi kupita kiasi. Alikwenda kutafuta bia, akaingia Fifth Peg, na badala ya kuandika kuhusu filamu akaandika kuhusu mpeleka barua anayeimba. Tangu siku hiyo ukumbi haukuwa na viti vitupu. Mwaka uliofuata rafiki wa Prine, Steve Goodman, naye mtunzi, alimkokota nyota wa kantri Kris Kristofferson usiku wa manane hadi baa nyingine ambako Prine alikuwa ameshamaliza kazi na viti vimeshapandishwa juu ya meza. Prine aliamshwa usingizini akaimba upya. Haukupita muda, yeye na Goodman wakawa New York, na Jerry Wexler wa Atlantic Records akampa mkataba mara tu baada ya kumsikia akiimba nyimbo chache.

Albamu ya kwanza, yenye jina lake tu, ilitoka mwaka 1971. Karibu yote ilirekodiwa Memphis chini ya mtayarishaji Arif Mardin. Kwenye jalada kampuni ilimkalisha juu ya marobota ya nyasi kavu kama mchunga ng'ombe; mwenyewe alisema baadaye kwamba hajawahi kukalia nyasi hizo maishani. Iligota nafasi ya 154 kwenye chati ya Billboard. Lakini hesabu nyimbo zilizomo: "Sam Stone", "Hello in There", "Angel from Montgomery", "Paradise", zote kwenye santuri moja ya kijana wa miaka 24 au 25. Kwa maoni yangu hakuna mtunzi wa Kimarekani wa zama zile, Bob Dylan akiwemo, aliyefungua mlango kwa santuri iliyoshiba kuliko hiyo. Unaweza kunipinga, ila isikilize kwanza.

"Paradise" unahitaji maelezo. Paradise palikuwa mahali kweli, kijiji cha wazazi wake kando ya mto Green River. Migodi ya wazi ya kampuni ya Peabody iliichimbua ardhi ya kaunti ile, na wimbo unaitaja kampuni hiyo kwa jina. Kwa haki lakini, nyumba za mwisho zilinunuliwa na kubomolewa mwaka 1967 na Tennessee Valley Authority, shirika la umeme la serikali kuu, ambalo mtambo wake wa makaa ulikuwa ukiwamwagia wakazi majivu. Peabody ilichapisha hadi kijitabu cha kumjibu Prine, ikijigamba kwamba huenda umeme uliorekodi wimbo huo ulitokana na makaa yake. Mtambo wenyewe ulizimwa kabisa Februari 2020, miezi 2 kabla Prine hajafa.

Aliutunga kwa ajili ya baba yake. Aliporudi kutoka studio aliazima mashine ya kuchezea tepu, akamsikilizisha mzee. "Paradise" ulipofika, mzee aliinuka akaenda kukaa chumba cha pili, gizani. Alipoulizwa, akasema alitaka ajifanye wimbo unatoka kwenye jukeboksi, ile mashine ya baa inayopiga santuri kwa sarafu. Mwaka huohuo wa 1971 mzee alifariki, albamu ikiwa bado haijaingia madukani.

Albamu zilizofuata nitazipita haraka, maana hazikuuza sana. Kwa kampuni ya Atlantic alitoa 4, pamoja na ile ya kwanza, na kwa Asylum 3. Nzuri kuliko zote hizo ni Bruised Orange ya mwaka 1978, iliyotayarishwa na Goodman. Magazeti yalikuwa yamembandika jina la "Dylan mpya", mzigo ambao uliwavunja migongo vijana wengi, na kampuni zilingoja auze kama Dylan. Hakuuza.

Hapo tunafika kwenye swali lako la kumpa mwenzako wimbo. Ndugu yangu, hakuupa bure. Marekani redio ya kawaida ikipiga wimbo, sheria haiilazimishi kumlipa aliyeimba. Inamlipa mtunzi na mwenye hakimiliki ya utunzi. Kadhalika kila kaseti na santuri inayouzwa ina senti za mtunzi ndani yake. Hivyo Don Williams alipofika nambari 1 kwenye redio, mirabaha ya redio ilikwenda kwa waliokuwa ndani ya mabano. Kwa mtu ambaye sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na albamu zake haziuzi sana, mabano ndiyo yalikuwa shamba.

Na shamba lilizaa. Bonnie Raitt alirekodi "Angel from Montgomery" mwaka 1974, wimbo wa mwanamke aliyechoka, yuko jikoni na nzi wakizunguka, na mume ambaye anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni asiwe na neno la kusema. Hadi leo wengi huapa kwamba umetungwa na mwanamke. Bette Midler aliimba "Hello in There". Johnny Cash aliimba "Sam Stone", ila alibadilisha mstari mmoja unaomtaja Yesu. George Strait alifika nambari 1 mwaka 1998 na "I Just Want to Dance with You", kazi nyingine ya Prine na yule yule Cook, ambayo Prine mwenyewe alikuwa ameirekodi mwaka 1986 bila kelele yoyote.

Kuna mmoja alioukosa kwa kutaka mwenyewe. Yeye na Goodman walitunga kwa utani wimbo wa kuikejeli kantri, "You Never Even Called Me by My Name". Prine aliuona wa kipuuzi, akaomba jina lake lisiandikwe. David Allan Coe akauimba mwaka 1975, ukavuma vibaya sana. Goodman, muungwana, alichukua sehemu ya pesa hizo akamnunulia Prine jukeboksi.

Jambo jingine, na hili ningependa wanamuziki wetu walisome mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Prine aliachana na makampuni makubwa. Yeye, meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein walianzisha lebo yao, yaani kampuni yao ya santuri, wakaiita Oh Boy Records. Mashabiki walituma pesa kwa posta, kabla albamu haijarekodiwa, za kutosha kugharamia kazi nzima. Mpeleka barua wa zamani akawa anaishi kwa hundi zinazoletwa na wapeleka barua wenzake. Aimless Love ikatoka mwaka 1984, mwaka ambao Goodman alikufa kwa saratani ya damu. Mwaka 1991 ikaja The Missing Years, iliyotayarishwa na Howie Epstein wa kundi la mwanaroki Tom Petty, na ikampa tuzo ya Grammy. Lebo hiyo haikuuzwa. Iko mikononi mwa familia.

Iangalie vizuri hiyo Grammy: ilikuwa ya "albamu bora ya foki ya kisasa", foki zikiwa nyimbo za kimapokeo za gitaa. Hawakuwa na rafu nyingine ya kumweka. Kantri ya redioni ilikuwa imeshageuka ya kofia kubwa na taa za viwanjani, roki haikumtaka, na foki ilionekana ya watu wa vyuoni. Watu wa namna yake, wenye mguu mmoja kwenye kantri, mwingine kwenye bluzi, na mkono kwenye nyimbo za injili, walikuwa wengi bila nyumba. Jina Americana ndilo likawa nyumba. Mwaka 1995 jarida moja la watu wa redio lilianza chati yenye jina hilo, mwaka 1999 chama chao kikaundwa Nashville, na Grammy ya albamu bora ya Americana ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Kwa hiyo usiitafute tofauti kwenye vyombo, maana gitaa, fidla na banjo ni zilezile, na banjo yenyewe asili yake ni mikono ya Waafrika waliopelekwa utumwani. Tofauti iko kwenye biashara na kwenye maneno. Kantri ya Nashville hutungwa ili ipite redioni. Americana huvumilia wimbo usio na kiitikio kitamu, usio na mwisho mwema. Mipaka ina matobo, na nadhani Don Williams wa babu yako angetoshea pande zote mbili.

Na kwa kuwa uko Kericho, waulize wazee kuhusu "Chemirocha". Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakiliimba jina hilo. Ni Jimmie Rodgers, baba wa kantri, aliyefika kwenu kwa santuri na kugeuzwa na ulimi wa nyumbani. Kunyonya kantri na maziwa hamkuanza na kaseti.

Turudi kwa Prine. Mwaka 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya shingo. Madaktari walikata nyama ya upande wa kulia, kisha wakampiga mionzi. Daktari alihangaika namna ya kuinusuru sauti. Prine akamjibu kwamba inaonekana hajawahi kumsikia akiimba. Sauti ilirudi ikiwa nzito, ya changarawe, imeshuka chini. Ikabidi ashushe ufunguo wa nyimbo zote za zamani, na akagundua, kwa maneno yake, kwamba zimekuwa mpya kwake tena. Mimi sauti hiyo ya pili naipenda zaidi. "Hello in There" ulipoimbwa na kijana ulikuwa wimbo wa huruma. Ulipoimbwa na mzee mwenye kovu shingoni, ulikuwa mtu anakueleza habari zake.

Mwaka 2013 ikagunduliwa saratani nyingine, isiyotokana na ile ya kwanza, kwenye pafu la kushoto, nalo likafanyiwa upasuaji. Mtaalamu wa mazoezi alimpandisha na kumshusha ngazi za nyumbani mbio, kisha akiwa bado anahema ashike gitaa na kuimba nyimbo 2 papo hapo. Miezi 6 baadaye alikuwa njiani tena.

Miaka mingi ilipita bila nyimbo mpya, mpaka mkewe Fiona, mwanamke wa Ireland, na mwanawe Jody walipomfungia kwenye chumba cha hoteli ya Nashville na masanduku ya karatasi zenye beti nusunusu. Hapo ikatoka The Tree of Forgiveness, mwaka 2018. Ilianza nafasi ya 5 ya Billboard, ya juu kuliko zote maishani mwake, akiwa na miaka 71. Vijana kama Jason Isbell na Brandi Carlile waliimba ndani yake. Albamu iliwania Grammy ya Americana na ikashindwa na ya Carlile huyohuyo.

Machi 2020 Fiona alipata korona kwanza, akapona. John alilazwa Nashville mwishoni mwa mwezi huo na kufariki tarehe 7 Aprili, akiwa na miaka 73. Katika "Paradise", alioutunga akiwa kijana, aliomba majivu yake yapelekwe kwenye mto Green River. Nusu yalimwagwa huko. Nusu yakazikwa Chicago, kando ya wazazi wake.

Ukitaka kumsikiliza, anza na albamu ile ya 1971 mara moja bila kufanya kazi nyingine, kisha nenda moja kwa moja kwenye ile ya 2018. Usisikie mabadiliko ya sauti polepole. Ruka miaka 47 kwa pamoja. Katikati mtafute akiimba na mwimbaji Iris DeMent kwenye albamu ya In Spite of Ourselves, ya mwaka 1999, ucheke kidogo. Albamu ya Pink Cadillac iache kwanza, ina kelele, utaipenda baadaye. Halafu irudie "Love Is on a Roll" ya babu. Kama tepu imelegea, kalamu ya biro kwenye lile tundu lenye meno bado inafanya kazi, zungusha polepole.